Nyumba Moja, Mtoto Mmoja

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka kambi ya shule na hema lililoloa, moja ya yale mahema ya zamani ya turubai nzito, akalianika kwenye kamba yangu ya nguo hapa Nakuru, kisha akaenda kulala. Jua lilipolipata, harufu ikaingia jikoni: turubai bichi, matope, na majani yaliyoanza kuoza. Nilikuwa nikipepeta maharagwe. Niliweka ungo chini, nikatoka, nikaling'oa lile hema kwenye kamba na kulitupa nyuma ya choo. Mtoto alipoamka akaniuliza, "Kukhu, hema yangu imekukosea nini?" Nikamwambia linanuka. Alinitazama kama anayewaza kama ni wakati wa kunipeleka kwa daktari.

Ninyi mliokulia kwenye laini, zile nyumba za vibarua za mashamba ya wazungu, mtanielewa zaidi kuliko yeye. Harufu ile sikuipata nikiwa ndani ya hema. Sikulala hemani hata siku moja katika utoto wangu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Tuliishi Naivasha, karibu na ziwa, kwenye shamba la mzungu aliyefuga ng'ombe wa maziwa na kupanda luseni, majani ya kuwalisha. Ilikuwa miaka ile ya vipande, vile vibali vya kutembea, na askari, miaka ambayo watu walipakiwa kwenye malori na nyumba zao kupewa wengine. Sisi tulikuwa hao wengine. Tulitoka Bunyore, tukapewa chumba ambacho wenyewe walikuwa wameondolewa, na uani tukakuta kinu chao bado kina pumba. Mama hakukitumia kile kinu hata mara moja. Alikigeuza kifudifudi akakiacha hapo hapo, na alinichapa siku niliyokikalia.

Tulikuwa wawili tu, mimi na Rispa, aliyenifuata kwa mwaka mmoja na nusu. Niseme ukweli tangu mwanzo ili nisionekane mwema: nilimwonea Rispa wivu tangu siku aliyojua kucheka. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa, wa kuchota maji, wa kuambiwa "wewe ni mkubwa." Rispa alikuwa mtoto wa kutazamwa. Wageni walimshika kidevu. Hata mbwa wa bwana, aliyefundishwa kuwabwekea watu weusi, alikuwa akimtikisia mkia.

Baba alikuwa mtunza bustani wa bwana, lakini kazi aliyojivunia ilikuwa nyingine. Katikati ya nyasi, mbele ya baraza la nyumba kubwa, palikuwa na chombo cha shaba, mfano wa mtungi mwembamba, kimefukiwa nusu ardhini na kuwekewa faneli juu. Kila siku saa tatu asubuhi Baba aliacha jembe, akanawa mikono, akakiendea kile chombo. Aliinua faneli, akachungulia, akamimina kilichokuwamo ndani ya gilasi ndefu yenye mistari, akaiinua mbele ya jicho lake. Kisha aliangalia angani, akaandika kitu kwenye daftari lililofungwa kwa uzi kwenye nguzo ya baraza. Bwana alikuwa akitoka na kikombe cha chai na kumuuliza, "Mvua?" Na Baba anajibu, "Bado, Bwana." Siku nyingine anasema, "Kidogo tu, Bwana."

Sasa, ninyi mnajua sifa ya watu wa kwetu. Bunyore ndiko kwa mafundi wa mvua, na Baba hakuweza kupita penye watu bila kutaniwa. Jirani yetu, Mzee Kiprono aliyekuwa mkamuaji, hakuwa na salamu nyingine. "Wewe Mnyore," alikuwa akiita kutoka zizini, "hii ng'ombe yangu inakufa na njaa. Si ufungue mvua hata kidogo?" Baba anamjibu, "Ngoja kwanza nimalize chai." Wote wawili wanacheka. Mimi sikucheka. Kabla hatujahama, bibi yangu aliwahi kuniambia kwamba mvua inawekwa ndani ya mtungi, msituni, mahali ambapo watoto hawaendi. Nikatazama ule mtungi wa shaba, nikamtazama Baba akiuinamia kwa heshima asubuhi baada ya asubuhi, nikaelewa mambo yote. Bwana hakumwajiri baba yangu kwa sababu ya maua. Maua hata Mzee Kiprono angeweza kuyamwagilia.

Siri hiyo niliiweka moyoni kama mali yangu. Rispa alikuwa na uso wake. Mimi nilijua baba yetu ni nani.

Kisha likaja jambo la kisiwa. Mke wa bwana, ambaye tulimwita Memsabu Kofia kwa sababu hatukuwahi kuona nywele zake, alikuwa akiwafundisha wasichana wa laini kufuma kila Alhamisi. Likizo ya Agosti ilipofika alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwa kila mtu na kutangaza kwamba atawapeleka watoto kisiwani kwa siku mbili, walale kwenye mahema, wapike nje, waone ndege na swala. Lakini hakuweza kuchukua wote. "Nyumba moja, toto moja," alimwambia Mama, akiinua kidole kimoja cha glavu. "Boti hapana kubwa. Mama nachagua."

Sikuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuma vizuri. Sweta langu jekundu lilikuwa limemaliza mikono yote miwili wakati la Rispa lilikuwa bado ni kitambaa chenye matundu. Mimi ndiye mkubwa. Kwa siku tatu niliwasimulia wenzangu kisimani mambo nitakayoyaona kisiwani, na Rispa alikuwa akichora chini kwa kidole cha mguu.

Asubuhi ya Ijumaa Mama aliamka mapema, macho yamevimba, akabandika maji. "Rispa," alisema bila kugeuka, "kuja uoge. Wewe ndio unaenda."

Kwetu mtoto hakuuliza kwa nini. Nilisimama pale na jagi la uji mkononi. Rispa mwenyewe aliduwaa, halafu uso ukamfunguka wote, na mimi nikatamani uji ule ungekuwa umechemka zaidi ili nimmwagie. Mama alimsugua mpaka masikio. Akamfungia blanketi zuri, lile la Baba. Halafu, huku nikiangalia, alinyoosha mkono juu ya kitanda chetu, akachukua sweta langu jekundu na kumvisha. "Huko kuna baridi," akasema. "Yake haijaisha."

"Ni yangu," nilisema.

"Nimesema huko kuna baridi."

Aliyeondoka na sweta langu hakuangalia nyuma. Nilimfuata mpaka gatini, pale mbao za bwana zilipoingia ziwani katikati ya mafunjo. Watoto saba walikuwa wamekaa kwenye motaboti wakiwa wamebana mikono katikati ya magoti. Memsabu alikuwa amefungua mkebe wa jemu kabla hata ya injini kuwaka, na kila mmoja alikuwa amelamba kijiko. Niliona mdomo wa Rispa unang'aa. Mama hakuja gatini. Alisema ana kazi.

Saa sita mchana, bwana akiwa mezani na Baba akiwa bustani ya nyuma, nilikwenda kwenye ule mtungi wa shaba na mkebe wa maji ya kisima. Nilinawa mikono kwanza, kama nilivyomwona Baba akifanya. Nikamimina mkebe wa kwanza kwenye faneli kwa sababu ya kisiwa. Nikarudi kisimani nikaleta wa pili kwa sababu ya sweta. Wa tatu ulikuwa wa jemu. Ulipofurika na kulowesha nyasi niliangalia angani, na kwa kuwa sikujua maneno yanayosemwa na mafundi wa mvua, nilisema tu, "Hema lao lilowe. Jemu iingie maji." Halafu nikaenda kuokota kuni.

Kama saa kumi upepo ulianza. Wanaolijua ziwa lile wanajua linavyobadilika; asubuhi unaweza kujitazama ndani yake, jioni linatoa povu. Lakini siku hiyo halikuwa povu la kawaida. Milima ya ng'ambo ilifutika. Mabati ya ghala la luseni yalianza kupigapiga, kuku wa Mama wakaingia ndani wenyewe, na mawingu yakaja yakiwa meusi kama upande wa chini wa sufuria. Kisha ikaja mvua ya mawe. Nilisimama mlangoni, na aibu yangu ni hii: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikauma kidole nisicheke. Niliwaza Rispa amekunja uso, nywele zimemlowa, jemu imekuwa uji.

Mvua ile haikusimama. Ilinyesha mpaka tukalala, na tulipoamka ilikuwa ikinyesha bado, na furaha yangu haikuwepo tena. Asubuhi wanawake wote wa laini walikuwa gatini na magunia kichwani. Upepo ulikuwa umeng'oa mafunjo usiku kucha na kuyasukuma upande wetu, vipande vikubwa vyenye mizizi, vimebanana mpaka boti ya pili ya bwana ilikuwa imezingirwa na haingeweza kusogea. Kisiwa hakikuonekana. Pale kilipokuwa palikuwa na weupe mtupu. Na kila mahali ile harufu: mizizi ya mafunjo iliyogeuzwa juu, matope, na kipande cha turubai kilichosukumwa na mawimbi mpaka kwenye mbao, kina kamba zake bado. Mtu mmoja alikivuta kwa fimbo.

Mama alikitazama kile kipande, akakaa chini kwenye maji. "Rispa!" alilia. "Nimekutoa mimi! Mimi mwenyewe nimekutoa!" Alijipiga mapaja. Mzee Kiprono alijaribu kumwinua, akasema, "Mama, nyamaza, watoto wako kwa kilima huko, maji haifiki," lakini Mama alikuwa mzito kama gunia lililoloa.

Nimekwisha kusema sitajifanya mwema, basi nimalizie. Nilikuwa nimemuua dada yangu. Hilo nililijua, nikaogopa. Lakini nilipomsikia Mama akilia vile, mbele ya watu, kitu kingine kilipanda kifuani kikapita hofu yote. Nilimwonea Rispa wivu. Nilijiuliza kama ningekuwa mimi kule, Mama angekaa kwenye maji? Nilijibu mwenyewe, nikajiambia asingekaa. Hata kufa, Rispa alikuwa amenitangulia kufanya vizuri.

Nilikimbia. Nilipanda mpaka kwenye nyasi za bwana nikauvamia ule mtungi ili niumwage, mvua ifungwe. Mikono ya Baba ilinikamata kabla sijainua faneli. Alikuwa na gunia kichwani na gilasi yake kwapani. Ilikuwa saa tatu.

"Usiguse!" alifoka. "Wewe una wazimu? Sijasoma bado."

"Baba, ifunge. Tafadhali ifunge."

"Nifunge nini? Toka hapa. Bwana anataka kujua imenyesha ngapi."

Nikamwona akipima. Alijaza gilasi, akaimwaga, akajaza tena, akaimwaga, midomo ikihesabu, maji yakimtiririka puani. Mtoto wake alikuwa kisiwani na yeye alikuwa akiinua gilasi mbele ya jicho. Niliamini kwamba anaipenda mvua ile kuliko sisi. Leo nafikiri hakujua la kufanya na mikono yake, na hiyo ndiyo kazi aliyokuwa nayo.

Mchana jua lilitoka ghafla. Upepo ukageuka na mafunjo yakaanza kuachana, wanaume wakaingia na mapanga wakakata njia, na boti ya bwana ikaenda. Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Iliporudi tulihesabu vichwa kwa sauti, wanawake wote pamoja: mmoja, wawili, watatu, mpaka saba, na kofia ya memsabu ikiwa bila ukingo. Rispa alikuwa wa tano. Alikuwa ndani ya koti la memsabu lililomfika kwenye vifundo vya miguu, matope mpaka nyusi, na alikuwa akicheka.

Mama alimshika, akamnusa, akamkagua vidole kimoja kimoja. Mimi nililia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Yalikauka kabla hatujafika nyumbani, kwa sababu Rispa alikuwa ameanza kusimulia.

Mahema yalikuwa yameng'oka yakaruka ziwani kama kuku! Walikuwa wamelala chini ya ile motaboti iliyopinduliwa, wamebanana, memsabu katikati, wakiimba nyimbo za kanisani kwa Kiswahili na memsabu akikosea maneno! Kiboko alikuwa amekuja! Kiboko mwenyewe, akasimama karibu hivi, akapumua, wakasikia harufu ya nyasi mdomoni mwake! Asubuhi walikuwa wamekula jemu yote na sukari yote kwa sababu hakukuwa na moto! Na sweta? Sweta lilikuwa limechukuliwa na maji, alisema Rispa, akapunga mkono, akaendelea na kiboko.

Laini nzima ilijaa mlangoni kwetu. Mzee Kiprono alimletea maziwa. Wasichana walimlipa kwa mapera ili arudie sehemu ya kiboko. Kama jua lingewaka siku zile mbili, Rispa angerudi na hadithi ya swala na ndege, na watu wangeisahau kabla ya Jumatatu. Mvua ndiyo iliyomfanya awe mtu. Na mvua ilikuwa yangu! Nilikuwa nimebeba mikebe mitatu kutoka kisimani kwa mikono yangu.

Nilivumilia kwa siku nne. Siku ya tano nilikuwa na Mama kwenye kishamba chetu nyuma ya laini, tukichuma kunde, na kutoka uani sauti ya Rispa ikatufikia: "...halafu kiboko ikafungua mdomo..." Nilitupa majani chini.

"Mimi ndiye nilileta ile mvua," nilisema. "Nilijaza mtungi wa Baba. Nilitaka ilowe yote. Nilitaka alie."

Nilingoja kofi. Mama aliendelea kuchuma kidogo, halafu akauliza, "Mtungi gani?"

Nikamweleza: mtungi, faneli, maneno ya bibi, maneno ya Mzee Kiprono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kicheko kifupi kisicho na nguvu. "Baba yako? Baba yako hajui kuleta hata umande. Hiyo ni ya kupima tu. Mvua ikinyesha, mzungu anataka kujua imenyesha ngapi, baba yako anamwambia. Basi."

Ningefurahi kusikia kwamba sikukaribia kumuua mtu. Badala yake nilihisi nimenyang'anywa. Rispa alikuwa na kisiwa, kiboko na koti la memsabu. Mimi sikuwa hata na dhambi. Ndipo nikauliza lile ambalo mtoto haulizi. Nilipiga kelele, nadhani, kwa sababu sauti ya Rispa uani ilinyamaza kidogo.

"Kwa nini ulimchagua yeye?"

Mama alitazama upande wa nyumba, kisha akanivuta tukachuchumaa katikati ya kunde ambako hatukuonekana. Mikono yake ilikuwa na udongo na alinishika uso nayo.

"Wewe unafikiri kuchaguliwa ni nini?" alisema polepole. "Memsabu amekuja kwa mlango yangu, amesema mtoto moja. Nitamwambia hapana? Na baba yako anakula kwake? Hii maji mimi naijua. Nimeiogopa tangu siku tulifika. Mwaka jana imemeza mvuvi na tukamtafuta wiki nzima. Sasa mtu anakuambia, nipe mmoja nipeleke huko. Sikulala. Niliwaangalia mmelala wote wawili. Kabla yako nilizika wawili. Wewe ndio wa kwanza kubaki. Nikajaribu kusema jina yako, mdomo ikakataa. Ikabaki Rispa. Nikampatia sweta yako, nikampatia blanketi ya baba yako, nikampatia kila kitu iko na joto kwa nyumba. Na bado nilimtoa."

Akaniachia uso. "Usimwambie. Hata siku nitakufa, usimwambie."

Sikumwambia. Mtu angedhani kwamba tangu siku ile wivu ulikwisha, kwa kuwa nilikuwa nimepata nilichokitaka tangu nizaliwe. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo kwa muda wa kama saa mbili. Jioni tukakaa kula, Mama akagawa samaki, na kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, kilipita juu ya sahani yangu kikaenda kwa Rispa. Kesho yake ikawa hivyo tena. Ikawa hivyo miaka yote. Rispa ndiye aliyenunuliwa viatu kwanza, Rispa ndiye aliyepelekwa bweni, Rispa ndiye aliyeachiwa cherehani. Kila alichopewa nilijua kinalipia nini, na kila mara kiliniuma vilevile. Rispa hushukuru, na ameniambia mara nyingi kwamba anasikitika, lakini ukweli ni kwamba Mama alimpenda yeye zaidi, na huanza kunibembeleza.

Mama alipokuwa akitutoka, mchana, dirisha likiwa wazi, mkono wake ulianza kupapasa juu ya shuka. Niliushika. Akaufungua, akautoa taratibu kwenye wangu, akaendelea kutafuta mpaka akampata Rispa aliyekaa upande wa pili wa kitanda, na hapo akatulia, akamshika, hakumwachia tena. Nilisogea nikasimama upande wa miguu. Mimi ndiye niliyebakizwa nyumbani siku ile, na nilisimama pale nikitamani kwa moyo wangu wote kwamba ningekuwa nimetolewa mimi.